Mzee Kiangi Aamke na Siku Ipi

Kila asubuhi, kabla hajakoka moto wala kunawa uso, Namsifu alimdanganya baba yake kwa kidole kimoja.

Haikuwa kazi ya nguvu. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, kibao mapajani, na waya mwembamba ulitoka kwenye kibao hadi nyuma ya sikio la Mzee Kiangi, pale madaktari walipompandikiza kiunga. Kiunga ndicho kilichomshikia mzee kumbukumbu zake tangu malaria ilipompanda kichwani na kumwacha hakumbuki hata uji alioumaliza sasa hivi. Jioni kilizimwa ili kichajiwe, asubuhi kikawashwa. Cha kwanza kuamka humo ndani kilikuwa kiwashi, kile ambacho mafundi wanakiita butiloda: programu ndogo isiyomjua mzee wala ukoo wake, kazi yake ni kujua tu mahali kiini cha mfumo kilipolala, kukiamsha, kisha kujiondokea. Ila kiwashi hiki cha kizamani kilikuwa na adabu ya kuuliza kwanza. Kwenye kibao zilitokea njia mbili. Ya juu iliandikwa Endelea na jana. Ya chini iliandikwa Nakala ya hospitali. Usipogusa chochote, kinachukua ya juu.

Namsifu aligusa ya chini.

Mzee Kiangi akafumbua macho, akatazama mabati, akatazama ukuta, akamwona binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe niko nyumbani. Nilidhani bado nimelazwa."

"Uliruhusiwa jana, baba."

"Kweli, kweli." Akajiinua kwa kiwiko. "Na mama yako yuko wapi? Mbona sisikii vyombo jikoni?"

"Yuko Gonja. Dada yake anaumwa."

"Mwanamke huyu," mzee akasema, na uso ukamchangamka. "Dada yake akipiga chafya tu, yeye keshafunga mzigo. Mimi nimetoka kuchungulia kaburi, yeye yuko Gonja anachemshia watu mwarobaini."

Namsifu akacheka. Alijua pa kucheka. Alijua pia kwamba sasa mzee angeulizia tangawizi za bonde la chini kama zimepaliliwa, kisha angejitazama mikono na kushangaa jinsi ugonjwa ulivyomzeesha, kisha angeomba chai. Kila siku ilianza hivyo, neno kwa neno, na huu ulikuwa mwaka wa nne.

Usimwone mbaya. Nakunda, mama yake, hakuwa Gonja. Presha ilimwangusha jikoni wakati mumewe yuko wodini, akazikwa migombani nyuma ya nyumba bila vilio, maana hospitalini kulikuwa na watu wa huku na habari ingefika kitandani kwa mgonjwa kabla ya jioni. Huku juu Mamba, milimani kwetu Upareni, hakuna anayempelekea mgonjwa msiba. Hata mzima aliye safarini haambiwi. Anapigiwa simu kwamba mama hajisikii vizuri, njoo umwone, naye anapanda gari huku anajua na hataki kujua, mpaka afike akute maturubai. Ndivyo tulivyolelewa, na hakuna anayeona kuwa huo ni uongo. Ni kumsubiri mtu awe na pa kuegemea.

Na mzee walimwambia, wala isisemwe kwamba hawakumwambia. Siku ya pili baada ya kutoka hospitalini, Baba mdogo Elirehema alikuja na wazee wawili wa kanisa, wakamkalisha, wakazunguka na maneno wee, mwisho wakalitua. Mzee Kiangi alisimama kama anataka kwenda mahali, akaanguka. Mganga wa zahanati alihangaika na moyo wake mpaka jioni, akasema pigo jingine la namna ile hatalihimili. Kesho yake asubuhi Namsifu aliona kwenye kibao ile njia ya chini, nakala ambayo hospitali iliiweka siku ya kumruhusu mzee kwa tahadhari tu, kiunga kisije kikaharibika. Akaigusa. Baba yake akaamka akiwa mtu aliyeruhusiwa jana, asiye na msiba, akaulizia vyombo jikoni.

"Wiki moja," Baba mdogo alisema. "Mpaka apate nguvu."

Nani wa kusema leo amepata? Wiki ikazaa wiki. Kila mara mzee alipowashwa kwa ile nakala, siku iliyotangulia ilifutika isionekane tena. Mlima mzima ukajifunza neno Gonja. Kaburi halikuwekwa msalaba wala saruji. Walilifunika kwa majani makavu ya migomba. Kioo kikaondolewa chumbani. Namsifu akaacha kazi yake Tanga, akaachana na mchumba aliyechoka kungoja.

*

Fundi alifika siku hiyo hiyo, saa za chai. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Machame, Anansia Kweka, mwenye begi la mgongoni na viatu vilivyojaa vumbi jekundu, maana gari lilimwishia chini kwenye daraja. Ujumbe wa kuja kwake ulikuwa umetangulia: viunga vyote vya toleo la kwanza vibadilishwe kiwashi. Viwashi vya zamani vilikuwa vinamruhusu yeyote mwenye kibao kuchagua, na mijini watu walikuwa wanaamshwa na nakala za zamani ili watie sahihi mambo ambayo jana yake waliyakataa. Serikali ikachoka. Kiwashi kipya hakiulizi aliyeshika kibao. Kinamuuliza mwenye kichwa.

Mzee Kiangi alikuwa barazani anamenya tangawizi za mbegu. Alipoambiwa mgeni anatoka wapi, akaweka kisu chini.

"Mchaga amepanda mpaka huku. Basi mambo yetu yamekwisha."

"Nimekuja kwa adabu, mzee," Anansia akasema. "Nimeonywa nisimkanyage hata ng'ombe wa mtu. Wapare mtanipeleka mahakamani."

"Ng'ombe tutakusamehe. Ukimkanyaga kuku ndipo tutakapokufungulia kesi."

Wakacheka wote wawili, na mzee akampenda. Akakubali kuwekewa waya pale pale barazani, akaendelea kumenya huku fundi akisoma kibao chake. Mama Nambua, jirani, akapita na debe la maji, akasalimia, na kabla hajaulizwa akasema kwamba mama bado yuko Gonja lakini amesikia mgonjwa anaendelea vizuri. Mzee akamshukuru. Akamtazama akienda mpaka alipokata kona.

Anansia aliacha kusogeza kidole. Akachomoa waya taratibu, akasema anaomba maji ya kunywa, akamfuata Namsifu jikoni.

"Kiunga cha baba yako ni kizima," akasema. "Mfumo wake ni Linux ile ile ya viunga vyote, haina tatizo. Lakini siku ya mwisho iliyobaki humo ni hii ya leo. Nyuma ya leo kuna hospitali. Katikati hakuna kitu. Mtu hawezi kuishi miaka na akawa na siku moja."

Namsifu alishika meza. Alikuwa amejiandalia uongo wa kumpa fundi, mzuri tu, akaukosa.

"Mama alifariki akiwa wodini," akasema. "Tulipomwambia nusura afe. Ndiyo maana namwamsha kabla hajaambiwa. Kila siku."

Anansia akavuta kigoda, akakaa.

"Wengi ninaowakuta wanafanya hivi ni wezi," akasema. "Wewe sijui nikuite nani."

"Niite unavyotaka. Niambie tu kesho atakuwaje."

Basi fundi akamweleza. Kazi hufanywa kiunga kikiwa kimezimwa, kwa hiyo angelala kwa Mama Nambua na kuja alfajiri kabla mzee hajawashwa. Ndani ya kiunga kuna chumba kidogo cha kuamkia, ndimo kiwashi kinamokaa. Kwenye viunga hivi vya kwanza chumba hicho ni finyu. Kiwashi kipya na funguo zake kikishaingia, panabaki nafasi ya njia moja tu. Kwa hiyo mtu lazima aseme mzee aamke na siku ipi. Njia nyingine itabaki pembeni, na kiwashi, kikiamka mara ya kwanza, kitamwambia mzee mwenyewe kwamba ipo, na kwamba kuna asubuhi nyingi aliwashwa nayo.

"Atajua tulichokuwa tunamfanyia."

"Atajua."

"Na baada ya hapo sitaweza tena kumrudisha nyuma."

"Hakuna atakayeweza, isipokuwa yeye." Anansia akazungusha kikombe mikononi. "Iko namna nyingine, na sikufichi kwa sababu utaiona mwenyewe kwenye kibao. Siku ya leo ikifutwa kabla sijaanza, itabaki nakala peke yake. Njia ikiwa moja kiwashi hakina la kumwambia. Ataamka ametoka hospitalini, mtamwambia msiba kama umetokea juzi, na hiyo miaka hatajua mlimfanya nini. Lakini mimi sifuti siku ya mtu. Mimi nafunga kiwashi. Kama inafutwa, utafuta wewe."

*

Baba mdogo Elirehema alikuja jioni, amevaa koti, na alikwishasikia kila kitu kwa Mama Nambua. Walisimama na Namsifu nyuma ya jiko, mzee asisikie.

"Futa," akasema. "Sioni hata cha kujadili. Akisikia kwamba mama yako amekufa, ni pigo. Akisikia tena kwamba tulijua, tukamchezea miaka yote hii, mimi ndugu yake wa tumbo moja, na wewe, na kijiji kizima kinapita hapa barazani na salamu za Gonja, hayo ni mapigo mawili kwa siku moja. Unataka kumuua kaka yangu?"

"Sitaki, baba mdogo."

"Basi futa. Tutamwambia polepole. Tutamletea na mchungaji."

"Tutamwambia alikufa lini?"

Baba mdogo akatazama pembeni. "Tutasema juzi juzi."

"Na kaburi lililojaa magugu ya miaka?"

"Tutalima. Tutapandisha udongo mpya. Watu watasaidia." Akamshika bega. "Mama, sikiliza. Hata mimi hili neno linanikaa kooni. Lakini atakuwa hai. Akiwa hai na hajui, kuna ubaya gani?"

Namsifu, kusema kweli, alikuwa na hamu ya kushindwa. Lilikuwa jambo la kidole kimoja tena, la mwisho, na baba yake angebaki anampenda. Hicho ndicho kilichomuuma zaidi kuliko sheria na kuliko kifo: kwamba mzee angemtazama na kujua kwamba mkono uliomnywesha uji ndio uliomfuta kila asubuhi. Akamwambia Baba mdogo kwamba atafuta.

Aliporudi, mzee hakuwepo barazani. Mchana wote alikuwa mzuri tu, ametembea na fimbo yake mpaka migombani akakaa huko kivulini, amerudi, amekula ndizi na maharage na kuomba kuongezewa. Sasa alikuwa amekwisha kujilaza mwenyewe, ameshikilia waya mkononi, anamngojea.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa na Baba mdogo."

"Hajaingia kunisalimu. Ana haraka ya nini?" Lakini hakungoja jibu. Akamshika binti yake mkono, akaugeuza kiganja juu, akautazama muda mrefu. "Umechoka, mwanangu. Unatembea umechoka, unacheka umechoka. Kesho usidamke. Mimi nitakuwepo tu."

Siku zote alisema usiku mwema, basi. Namsifu akachomeka waya, akazima, na mzee akalala.

*

Alfajiri Anansia alianza kazi bila maneno mengi. Alichomeka kijiti chake cha programu kwenye kibao, akawasha kiunga kwa mfumo wa kwenye kijiti, si kwa mfumo wa mzee. Mzee mwenyewe alibaki usingizini, pumzi zikienda vizuri. Akafungua chumba cha kuamkia. Akanakili kiwashi kipya, akaweka funguo, akakionyesha kiini kilipo. Kiwashi cha zamani hakukiondoa. Alikisogeza nyuma kwenye foleni kwa asubuhi hiyo tu, ili kipya kikigoma kuwe na cha kushika.

"Nikikosea kuandika mahali kiini kilipo, haamki na siku yoyote," akasema. "Kwa hiyo usiniongeleshe kidogo."

Akasoma alichoandika, akasoma tena. Kisha akageuza kibao, akampa Namsifu.

Palikuwa na mistari miwili. Siku ya jana. Nakala ya hospitali. Pembeni ya kila mmoja palikuwa na alama ya kufuta.

"Ni wewe sasa," fundi akasema, akatoka nje kumwachia chumba.

Namsifu alipeleka kidole kwenye siku ya jana. Alikuwa ameapa. Alikuwa amewaza usiku kucha na kukubali. Na kidole kilikuwa karibu kabisa, alipoisikia ile sauti ya jioni: kesho usidamke. Akajiuliza imetoka wapi. Kwa miaka yote hiyo mzee wa asubuhi alikuwa yule yule, maneno yale yale, pa kucheka pale pale, mpaka alianza kumwona kama redio. Lakini mzee wa jioni alikuwa ameishi siku nzima. Alikuwa ameona kitu siku hiyo, uchovu wa mtoto wake, akaubeba mpaka jioni na kumpa neno lake. Neno hilo lilikuwa humu ndani ya mstari huu. Alikuwa tayari amekwisha kuyafuta mangapi ya namna hiyo bila kuyasikia?

Akajisemea kwa sauti, chumbani peke yake, "Akinichukia, anichukie."

Akaielekeza njia kwenye siku ya jana. Hakufuta kitu. Akamwita fundi.

Baba mdogo aliingia na fundi pamoja. Alikuwa anangoja uani. Aliangalia kibao, akaangalia uso wa Namsifu, akaelewa. Hakugomba. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akasimama mlangoni akimwangalia kaka yake kama anamuaga. Dawa ya moyo ilikuwa mezani, na maji.

Anansia akawasha.

Kibao hakikuuliza kitu. Kilikaa cheusi. Namsifu alikuwa amezoea ile mistari miwili, na weusi huo ulimtisha. Kisha midomo ya mzee ikasogea. Macho yalikuwa bado yamefumba, lakini alikuwa anamjibu mtu asiyesikika.

"Ndiyo. Ni mimi, Kiangi."

Kimya.

"Ndiyo, niendelee na jana."

Kimya kirefu zaidi. Namsifu alijua anachoambiwa sasa. Baba mdogo akasogea hatua moja na dawa, Anansia akamzuia kwa mkono.

"Asubuhi nyingi," mzee akarudia, kama anayehakikisha amesikia vizuri. Kisha akafumbua macho.

Alimtazama fundi kwanza, kwa sababu alikuwa karibu. "Mama, hiki kitu kinaniuliza ile nakala nyingine kiiache au kiifute. Ndani yake kuna nini ambacho mimi sina?"

"Hakuna, mzee," Anansia akasema. "Kila kilichomo humo unacho. Mkeo unaye, nyumba unayo, kila kitu mpaka siku uliporuhusiwa. Kilichomo humo na kwako hakimo ni kutokujua tu."

Mzee akafikiri. "Basi ifute," akamwambia huyo asiyesikika, na ikawa imekwisha.

Namsifu alipiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa na maneno aliyoyapanga, ya kumwandaa, ya kuzunguka kama wazee wanavyozunguka. Akasema, "Baba, mama..."

"Najua."

Namsifu akainua uso.

"Nilijua jana," mzee akasema. Aliongea pole pole, lakini moyo wake ulikuwa kifuani unapiga, na mkono aliouweka juu ya kichwa cha binti yake ulikuwa mzito na wa moto. "Mama Nambua alinijibu kabla sijamuuliza. Mtu hajibu asichoulizwa ila amekwisha kulijibu mara nyingi. Nikaenda migombani kuwaza. Nikaiona njia yetu ya kisimani imepinda. Njia ile nimeilima mimi, imenyooka tangu ujana wangu, sasa inazunguka mahali hapana jiwe wala kisiki. Watu hawazunguki bure. Nikafunua majani kwa fimbo, nikaona udongo ulivyolala. Nikakaa naye pale mpaka jua likageuka."

"Kaka," Baba mdogo akasema.

"Nilikusikia jana nyuma ya jiko, Elirehema, ila nilishika lile la amekufa tu. Una sauti kubwa siku zote."

"Kwa nini hukusema?" Namsifu aliuliza. "Jioni ile, baba. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani mmenificha siku chache tu. Nikasema huyu mtoto ananingoja nipate nguvu, ana siku yake aliyoipanga ya kuniambia. Nikaona nisimharibie. Nikasema nitamwacha aniambie mwenyewe." Mkono juu ya kichwa cha Namsifu ukaacha kusogea. "Lakini hiki kitu kimeniambia asubuhi nyingi. Kumbe hata jana haikuwa mara ya kwanza."

"Hapana, baba."

"Njia ile haikupinda jana."

"Hapana."

"Basi nimemlilia mara ngapi?"

Namsifu alitafuta jibu. Alirudi nyuma kwenye jioni zote alizozikumbuka, mzee amekaa kimya barazani, mzee amekataa chakula akasema tumbo, mzee ameng'ang'ania mkono wake kidogo zaidi kabla ya kuzimwa, na yeye akidhani ni umri. Hakujua ni jioni ngapi kati ya hizo baba yake alikuwa ametoka migombani, amejua, amejikaza kwa ajili yake, akampa kichwa chake akizime. Na kesho yake yeye akagusa njia ya chini.

"Sijui," akasema. "Sijui, baba. Nisamehe."

Mzee Kiangi alifumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaingia kwenye ndevu. Hawakuthubutu kumgusa. Baba mdogo alikuwa bado ameshika dawa, na haikuhitajika. Moyo ule waliouogopa miaka yote, ambao hakuna aliyefikiri kuupeleka kupimwa tena, ulikuwa umejua tangu jana na ulikuwa umelala na kuamka.

Baadaye mzee akajipangusa kwa shuka, akamtazama binti yake usoni. Alimtazama vile alivyoutazama ule mkono jioni.

"Na wewe je? Umemlilia mama yako?"

Swali hilo Namsifu hakulitegemea. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Siku ya mazishi aliambiwa ajikaze, kesho aende wodini na uso mkavu. Na baada ya hapo kila asubuhi ilimtaka na uso mkavu, kwa sababu mzee akiamka cha kwanza kukiona ni uso wake. Alikuwa amesema mama yuko Gonja mara nyingi hivi kwamba kuna asubuhi, akiri asikiri, alikaribia kumsikia akirudi.

"Bado," akasema.

Mzee akasogea ukutani, akaacha nafasi kitandani. "Njoo ukae."

Namsifu akakaa. Akaweka kichwa begani kwa baba yake kama alivyofanya utotoni, na kilio kikamtoka kikubwa, kibaya, cha mtu aliyefiwa asubuhi ile ile. Anansia akakusanya waya zake akatoka uani, maana kazi yake ilikuwa imekwisha. Baba mdogo akakaa chini sakafuni na koti lake.

Kilio kikatoka mlangoni, kikashuka mabondeni. Watu wakasimama mashambani na majembe. Kila mmoja alijua nyumba inayolia, na kila mmoja alijua hapo halii mtu. Mama Nambua ndiye aliyefika wa kwanza, anahema, kanga imemwanguka begani. Yeye ndiye aliyemwosha Nakunda kwa mikono yake, yeye ndiye aliyeleta salamu nyingi za Gonja kuliko wote. Alisimama kizingitini, akafungua mdomo, hakujua aseme lipi.

Mzee Kiangi alikuwa amekwisha kuinuka. Alikuja mlangoni akijishikilia ukuta, akampokea mwenyewe, kama mwenye msiba anavyopaswa.

"Karibu, mama," akasema. "Tumefiwa. Nakunda ametutoka."

Mama Nambua akaketi chini pale pale kizingitini, akajifunika kanga usoni, akaanza kulia.